Mechi kwa Keja: Vile Utahost Mbogi, Mle Fiti, Mnywe Craft Beer na Usikose Goli

Tarehe 22 Agosti 2025, robo fainali ya CHAN, Kenya na Madagascar pale Kasarani. Tiketi nilikosa, so nikaita mbogi kwa keja. Wasee wanane, TV moja, meko ya vichwa viwili. Kipindi cha pili kinaanza, mimi niko jikoni nageuza wings kwa mafuta. Ghafla keja inalipuka. Omija amefunga! Nakimbia sitting room na mwiko mkononi, napata marudio tu, na hata hayo naona mgongo wa mtu.

Goli ya Kenya, kwa TV yangu, na mimi ndio msee pekee sikuiona. Baadaye Madagascar wakasawazisha, wakatutoa kwa penalti 4-3, kila mtu akaishia home kimya kimya. Kesho yake nikapiga hesabu nikapata nusu ya pesa ya rent imeliwa na kunywewa.

Tangu hiyo siku nimehost mara kadhaa, na sheria yangu ni moja: kazi yote iishe kabla refa apulize filimbi. Ukipika mechi ikiendelea, wewe ni waiter bila tip. Rada ni hii.

Anza na saa, menyu baadaye

Mechi ya EPL ya saa tisa Jumamosi kule Uingereza, huku ni saa kumi na moja jioni, ama saa kumi na mbili wakati wao wako kwa baridi. Hapo watu wanakuja na njaa ya ukweli, so panga chakula ya kushibisha.

Champions League ya katikati ya wiki ni story ingine. Mechi nyingi huanza saa nne usiku, na kutoka mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi zinasonga saa tano. Sheria ya vileo ya 2010 nayo iliweka saa tano usiku kama mwisho wa bar ya kawaida. Ndio maana mechi za usiku zinafaa kwa keja. Saa hiyo watu wameshakula supper, so bitings tu zinatosha.

Mchango uingie kabla ya bia

Hapa ndio niliumia. Nilikuwa nimetoka college bila cheti, nalipwa kwa kila story naandika, na nilikuwa naona noma kuitisha wasee doh. Nilitaka waone niko sawa. Hakuna mtu aliniambia nilipe kila kitu, ni aibu yangu tu ilinichoma.

Siku hizi natuma hesabu kwa group mapema: kuku, viazi, mafuta, bia, barafu, bei ya kila kitu, gawanya kwa wanane. Mimi pia nalipa share yangu. M-Pesa iingie siku mbili kabla. "Nitakutumia nikifika" haijawahi kufika.

Na kama msee hana, asikose mechi. Kuna boy wetu amekuwa akitarmac muda mrefu. Yeye hukuja saa nane mchana, anamenya viazi zote, na hakuna mtu humuuliza kitu. Hiyo pia ni mchango.

Chakula ya mkono mmoja

Mkono mmoja unashika kinywaji, ingine inakula, macho iko kwa TV. Kitu inataka kisu na uma, wachana nayo. Kwa wasee wanane mimi hufanya hivi:

*Wings, kilo tatu.* Kilo moja huwa na kama wings 10 hadi 12, so kila mtu anapata nne hivi. Zilaze kwa friji usiku mzima na kitunguu saumu, tangawizi, chumvi, pilipili manga na ndimu. Siku ya mechi zipanguze maji, kisha ukaange mara mbili: kwanza moto wa wastani hadi ziive kwa mfupa kabisa, uzitoe zipumue, halafu zirudi kwa mafuta moto dakika mbili tatu zishike rangi. Maliza nusu saa kabla ya mechi. Usizifungie kwa hotpot, mvuke utazilainisha. Ziache kwa sinia wazi karibu na meko.

*Viazi karai, kilo tatu.* Chemsha viazi zikaribie kuiva, zipoe. Koroga unga wa ngano, binzari, dhania na chumvi iwe nzito kama ya pancake, chovya, kaanga. Ukwaju kando.

*Mutura.* Usijaribu kujitengenezea. Enda kwa base yako ya kawaida saa moja kabla, ununue ikiwa moto, ukatiwe hapo hapo.

*Kachumbari.* Kata mapema, lakini chumvi na ndimu weka mwisho. Ukiweka mapema nyanya zinatoa maji, unabaki na supu.

Craft beer haikunywiwi kama Tusker

Craft ni bia ya viwanda vidogo, inatengenezwa kidogo kidogo na ladha zake ziko tofauti tofauti. Nairobi tuko na 254 Brewing, Bateleur, na wale wa Bila Shaka. Bei huwa juu ya lager ya kawaida, so hainunuliwi kwa kreti. Mimi huhesabu chupa mbili mbili kwa kila mtu anakunywa, mtu akitaka zaidi abebe yake.

Sasa hesabu yenye hakuna mtu alinifunza. Tusker Lager ni asilimia 4.2, chupa ya mililita 500. Hiyo ni mililita 21 za pombe yenyewe. IPA ya asilimia 6.5, hata kwa kachupa kadogo ka mililita 330, inakupea karibu 21 pia. Kumaanisha hako kachupa ni Tusker moja nzima. Ikiwa ya 500, umekunywa Tusker moja na nusu ukidhani ni moja. Kuna msee wetu alikata IPA nne haraka haraka, mapumziko yakampata amelala kwa carpet. Tulimwambia score asubuhi. Soma lebo kwanza.

Na bia inafaa kuenda na chakula:

Lager na viazi karai. Gesi na ubaridi wake zinaosha mafuta mdomoni.

Bia ya ngano na wings za pilipili. Ni laini, haina uchungu mwingi, inatuliza moto.

IPA na mutura, lakini punguza pilipili. Uchungu wa hops unafanya pilipili ichome zaidi.

Stout na nyama choma. Shayiri yake imekaangwa hadi ikawa nyeusi, so ladha ya moshi zinapatana. Itoe kwa friji dakika 15 mapema, ikiwa baridi sana husikii ladha.

Mimina kwa glasi, usinywe kwa chupa. Craft zingine hazichujwi sana, so kuna utope kidogo chini, hiyo si kuharibika. Na kama mtu hakunywi, usimpee maji ya mfereji. Weka Stoney na juice ya ukwaju kwa barafu ile ile.

Stima, dishi na jirani

Nunua tokeni asubuhi. Hakuna kitu inauma kama mita kuanza kulia dakika ya 80.

Ukistream, jua uko nyuma ya wale wa dishi kwa sekunde kadhaa. Ploti yote itapiga nduru ya goli na wewe bado unaona kona inapigwa. Kama unaweza, tafuta dishi. Kama huwezi, ambia wasee wazime simu na ufunge dirisha.

TV iwe juu, watu wa mbele wakae chini kwa mkeka, warefu nyuma. Jirani mwenye mtoto mpitie mapema, umshow kuna mechi na itaisha saa ngapi, umpelekee sahani ya viazi. Tangu nianze hiyo, caretaker hajawahi kunigongea.

Kila mtu afike home

Hii ndio siwezi bargain. Mwenye amekuja na gari ama nduthi na anakunywa, funguo anaacha kwa bakuli juu ya friji akiingia tu, akiwa bado na akili zake. Ukingoja hadi saa saba usiku, kila mtu ni dereva wa Safari Rally. Mara moja msee alinikasirikia vibaya juu ya hiyo bakuli, akasema namfanya mtoto. Alilala kwa mkeka na blanketi yangu. Asubuhi alikunywa chai, akachukua funguo, hakusema kitu. Mechi iliyofuata aliiweka kwa bakuli bila kuambiwa.

So tenga kwa bajeti doh ya teksi ya watu wawili, na uwe na blanketi za ziada.

AFCON ya 2027 inakuja huku kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania. Tiketi si wote tutapata, so keja zitajaa. Mimi nishaambia mbogi: wings zitakuwa tayari nusu saa kabla, funguo kwa bakuli, na kiti ya mbele kabisa ni yangu. Nadai kuona hiyo goli.