Jalada la mirathi ya babu lilivyojibu swali la kliniki

Muuguzi wa kliniki ya wajawazito alishika kadi yangu, akauliza bila kuinua macho: "Upande wa baba yako kuna mwenye sukari, presha au selimundu?"

Nikasema sijui.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Mara ngapi nimewaandikia wasomaji wajue historia ya magonjwa ya familia zao kabla ya kupata watoto! Siku ile, mimba ikiwa na wiki 14, niligundua kwamba nusu ya familia yangu mwenyewe siijui. Baba alifariki nikiwa na miaka sita. Mama alinilea Mbagala, na ndugu wa upande wa baba tulikutana nao misibani tu. Baadaye hata misibani tukaacha kuonana.

Muuguzi akaandika "hajui", akamwita mjamzito mwingine.

Mfuko chini ya godoro

Jioni nilimuuliza mama. Hakunijibu. Aliinua godoro, akatoa mfuko wa nailoni aliokuwa akihifadhia karatasi zake. Ndani mlikuwa na cheti chake cha ndoa, kadi yangu ya kliniki ya utotoni na karatasi moja iliyochakaa: hati ya wito ya mahakama ya mwanzo, ya mwaka 1997, ikimtaka baba afike kwenye shauri la mirathi ya babu.

"Baba yako alikwenda mara moja tu," mama alisema. "Walipoanza kugombania nyumba, hakutaka tena kusikia habari zao."

Juu ya hati hiyo palikuwa na namba ya shauri. Namba hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango.

Kwa familia nyingi za Dar es Salaam, jalada la mirathi huenda ndilo andiko pekee lenye majina ya ukoo mzima. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu wa ukoloni Waafrika wengi hawakulazimika kujisajili. Hata miaka mingi baada ya Uhuru hali haikubadilika sana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa ni asilimia 16 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa. Mwaka 2013 Serikali ilianza mkoani Mbeya mpango wa kuwasajili watoto wa umri huo bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata.

Babu yangu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Lakini alikufa akiwa na nyumba, na nyumba hiyo iliwafikisha watoto wake mahakamani. Ili ateuliwe msimamizi wa mirathi, familia hupeleka cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na fomu yenye majina ya warithi. Msimamizi akishateuliwa, anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe orodha ya mali na madeni. Kwa hiyo watu wanaokwenda kugawana nyumba huacha nyuma yao orodha ya ukoo.

Safari tatu masijala

Safari ya kwanza niliambiwa niandike barua kwa hakimu mfawidhi, nieleze mimi ni nani, nina uhusiano gani na marehemu, na kwa nini nataka kuperuzi jalada. Ya pili niliambiwa mwenye ufunguo wa stoo yuko likizo. Ya tatu nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa nane mchana, ndipo karani alipotoka na jalada lililofungwa kwa kamba, vumbi likimwangukia kwenye shati. Nililisoma palepale, mbele yake.

Muhtasari wa kikao ulikuwa umeandikwa kwa mkono. Wake wawili. Watoto tisa. Mimi nilikuwa nawajua wanne. Kila mrithi aliweka saini au dole gumba, na pembeni pakaandikwa mahali anapoishi. Chini kabisa mlikuwa na mstari mmoja: watoto wawili wa mke mdogo walitangulia mbele ya haki wakiwa wadogo.

Mke mdogo ndiye aliyemzaa baba yangu.

Sababu ya vifo vile haikuandikwa. Lakini lilikuwepo jina la shangazi, dada wa baba wa tumbo moja, mkazi wa Tandale. Pale ofisi ya mtaa walinielekeza kwa mjumbe mzee, naye akaniambia alishahamia Bunju kwa mwanawe. Jumapili iliyofuata nilikuwa mlangoni kwake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Alinitazama kitambo. "Uso wa kaka yangu huu. Ulikuwa wapi siku zote, mwanangu?"

Tulipokwisha kulia, nilimuuliza habari za wale wawili. Alisema walikuwa bado wanatambaa, mikono na miguu inavimba. Macho yalikuwa ya njano. Msimu wa baridi walilia usiku kucha kwa maumivu. Majirani walisema ni mkono wa mtu, na bibi akazungushwa kwa waganga hadi akachoka.

Kutoka jalada hadi maabara

Marehemu hapimwi kwa simulizi. Hata hivyo dalili zile ni zile zile ambazo madaktari wa selimundu huzitaja kila ninapowahoji. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo nchini kila mwaka, na kati ya Watanzania 100, kuanzia 13 hadi 20 hubeba vinasaba vyake bila kuumwa. Mbebaji anaweza kuzeeka bila kujua.

Nilirudi kliniki nikaomba kipimo. Jibu: mimi ni mbebaji. Mume wangu naye akapimwa. Siku tatu za kusubiri jibu lake hatukuzungumza sana nyumbani. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne kwamba mtoto atazaliwa na ugonjwa. Yeye hakuwa mbebaji. Maana yake mtoto wetu hataugua selimundu, ingawa anaweza kurithi vinasaba kwangu, na siku moja atahitaji kulijua hilo kabla ya kuoa au kuolewa.

Je, kama jibu la mume wangu lingekuwa tofauti? Tungejua mapema, mtoto angepimwa mara akizaliwa na kuanza matibabu kabla ya kuzidiwa. Watoto wa bibi hawakupata nafasi hiyo.

Karatasi nazo huficha

Nilimsomea shangazi orodha niliyonakili. Alihesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. "Mbona wa kumi hayumo?" Babu alikuwa na mtoto mwingine, nje ya ndoa zake. Kikao cha ukoo hakikumwandika.

Usiamini kila kilichoandikwa, basi. Orodha ya mirathi huandikwa na watu wenye masilahi. Isome pamoja na wazee wangali hai, kwa sababu karatasi hukumbuka miaka na wazee hukumbuka watu. Na sisi wazazi wa leo tukumbuke kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya jina, utaifa, na kuwajua wazazi wake wa kumzaa pamoja na ndugu wa ukoo wake.

Ukitaka kuanza

Anza nyumbani. Uliza majina matatu ya marehemu, mwaka aliofariki na alikokuwa akiishi. Tafuta kibali cha mazishi, hati ya wito, cheti cha ndoa.

Cheti cha kifo hutolewa na RITA, Wakala wa Usajili Ufilisi na Udhamini. Wilayani, msajili ni Katibu Tawala wa Wilaya. Cheti hicho huwa na nafasi ya sababu ya kifo, nayo ni ya kusomwa kwa makini.

Kwa mirathi, anza na mahakama shauri lilikofunguliwa. Kumbuka mipaka: Ubungo ilikuwa sehemu ya Kinondoni, na Kigamboni sehemu ya Temeke, kabla ya wilaya hizo mpya kuundwa mwaka 2015. Tangu 2021 jiji lina pia Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia, Temeke, kinachoshughulikia mirathi, ndoa na watoto.

Tafuta jina kwa kila tahajia. Saidi anaweza kuwa Said, Omari akawa Omar, na Mohamedi akaandikwa kwa namna nne.

Ukitaka kwenda nyuma zaidi, Nyaraka za Taifa zilizopo Upanga zina majalada ya enzi za Mjerumani na Mwingereza, na parokia za zamani zina vitabu vya ubatizo. Misheni ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868.

Ukikuta siri, usiikimbize kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Zungumza kwanza na mhusika. Na mtoto wako akizaliwa, msajili ndani ya siku 90. Mzee akifariki, kisajiliwe kifo ndani ya siku 30, ili mjukuu asije kuhangaika kama mimi.

Mahudhurio yaliyofuata, muuguzi alikata lile neno "hajui" na kuandika mistari miwili.

Shangazi ameomba awepo kwenye arobaini ya mtoto. Nimemwambia aje na majina yote tuyaandike kwenye daftari, na la yule wa kumi limo.