Jinsi Saa Mbili Zinavyopatana Ndani ya Kifaa cha Basi

Mabasi ya mikoani yanayotoka Mbagala, wilayani Temeke, kuelekea Lindi na Mtwara hufungwa kifaa cha VTS, ambacho huiwezesha Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) kufuatilia mwendo wa mabasi hayo. Ndani ya kifaa cha aina hiyo, moduli ya GPS hutambua mahali basi lilipo, kisha hukipelekea kichakataji taarifa hizo kwa waya unaopitisha biti, yaani alama za 0 na 1, moja baada ya nyingine. Waya huo haubebi mapigo ya saa ya pamoja, hivyo kila upande hutegemea saa yake, ilhali hakuna saa mbili zinazokwenda sawasawa kabisa.

Kwa sababu hiyo, saa hizo hupatanishwa upya kwa kila herufi. Waya usiotumika hukaa kwenye 1. Unaposhuka kwenda 0, mshuko huo, ulio mwanzo wa biti ya kuanzia, hukiarifu kichakataji kwamba herufi inaingia na hesabu ya muda ianze. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, inayotumiwa na moduli nyingi za GPS, biti moja huchukua takriban mikrosekunde 104, yaani sehemu 104 za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Kichakataji hungoja nusu ya muda huo ili kifike katikati ya biti, kisha husoma kila baada ya mikrosekunde 104. Herufi S, inayoonyesha kwamba basi liko kusini mwa ikweta, hupita kama 0 ya kuanzia, ikifuatwa na 11001010, na mwishoni 1 ya kuishia, inayourudisha waya kwenye utulivu.

Kwa kuwa usomaji wa mwisho huja biti tisa na nusu baada ya mshuko, saa zikipishana kwa zaidi ya asilimia 5 hivi, biti husomwa mahali pasipo pake. Fuwele ya kwatzi hukosea kwa sehemu chache tu katika laki moja, lakini saa rahisi ya rezista na kapasita huyumba joto linapopanda, kama ndani ya basi lililoegeshwa juani.

Herufi hizo huunda sentensi, na sentensi nzima nayo ina ulinzi wake: huanza kwa alama ya $ na kuishia kwa tarakimu za ukaguzi, ili kichakataji kilichopotea njiani kisubiri $ inayofuata na kuitupa sentensi iliyoharibika. Hivyo mawasiliano haya hudumu kwa sababu kosa dogo la saa hufutwa kabla halijalimbikizana.