Je, Wajua? Bakteria Wanaopumua Klorini

Je, wajua kwamba ndoo ya maji inaweza kukueleza kama chini ya ardhi kuna hewa? Chota maji kisimani, yaache yatulie. Yakitoka maangavu kisha yakageuka rangi ya kutu, yalikuwa na chuma kilichoyeyuka, nacho huyeyuka hivyo mahali ambapo oksijeni imekwisha na bakteria wanapumua chuma badala yake. Anayechota Mazwi, katika nchi ya Ufipa mkoani Rukwa, asishangae akiyaona: Ufipa ni nchi ya chuma, na mabaki ya malungu, tanuri ndefu za udongo walizotumia mababu kuyeyushia mawe ya chuma, yapo hadi leo.

Je, wajua kwamba wapo bakteria wanaopumua klorini? Perkloroetilini, kiyeyushi cha madrai klina na cha kuondolea grisi kwenye vyuma, ni nzito kuliko maji. Ikimwagika huzama hadi kwenye mwamba na kuchafua visima kwa miongo mingi. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza habari za bakteria kutoka kwenye tope la majitaka ya mji wa Ithaca anayepumua kwa kuing'oa klorini yake yote, chembe moja baada ya nyingine, mpaka inabaki etilini, gesi ileile inayoivisha ndizi zilizovundikwa. Leo anaitwa Dehalococcoides mccartyi.

Ni kiumbe tegemezi mno. Oksijeni humuua. Vitamini B12 hawezi kujitengenezea, na nishati yake huipata kwa haidrojeni tu, ambayo majirani zake huizalisha. Kwa hiyo wahandisi humwaga molasi au mafuta ya kula kwenye visima maalumu: bakteria wengine huyachachua, humaliza oksijeni na kutoa haidrojeni. Hapa pana hatari inayostahili kusemwa wazi. Kazi ikikwama njiani, kinachobaki ni vinili kloridi, ambayo husababisha saratani. Maji yasipimwe mara moja na kusahauliwa.

Je, wajua kwamba Tanzania ina jeraha lake la klorini? Mwaka 1986 shamba la Vikuge, Kibaha, lilipokea tani 170 za viuatilifu kutoka Ugiriki, baadhi vikiwa vimekwisha muda. Banda lilianguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, baada ya mabaki yaliyoonekana kuondolewa, ulikuta udongo wenye DDT, kiuatilifu chenye klorini, hadi asilimia 28, na sumu ilikuwa imefika kwenye maji ya visima. Ilikuwepo pia DDD, yaani DDT iliyopoteza klorini moja, badiliko ambalo bakteria wa mahali pasipo hewa hulifanya. Huenda walianza kazi bila kuagizwa, ila kwa mzigo ule kasi yao haitoshi.

Na je, wajua kwamba bonde la Rukwa limewahi kutumia viumbe wadogo badala ya sumu? Mbuga zake ni mazalio ya nzige wekundu. Dieldrini, sumu nyingine yenye klorini, ilitumika sana dhidi ya nzige barani Afrika. Mwaka 2009, chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ndege zilinyunyizia mbuga za Rukwa na Katavi mbegu za kuvu aitwaye Metarhizium. Mbegu huota juu ya ngozi ya nzige, hupenya ndani na kumdhoofisha mpaka afe. Ndege wa porini wakimla nzige huyo hawadhuriki.