Mtoto wa Mbwa na Mchezo wa Vizuizi: Aanze Lini? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi mchezo wa ajiliti ulivyoonyeshwa mwaka 1978 kwenye maonyesho ya Crufts, Uingereza, kwa kuiga farasi wanaoruka viunzi. Leo tuingie kwenye swali la umri.

Shirikisho la Kimataifa la Mbwa, FCI, lenye makao yake Ubelgiji, halimruhusu mbwa kushindana katika mchezo huu kabla hajatimiza miezi 18. Wengi wakisikia hivyo huona kwamba hata mafunzo yasubiri. Basi mtoto wa mbwa huachwa uani, pengine kwenye mnyororo, mpaka apate umbo la kumtisha mwizi. Halafu siku moja bwana wake anamtaka aruke ukuta. Huko ni kupindua mambo. Akili ya mbwa hufunguka mapema sana na mifupa yake hukomaa polepole, nasi tunaichelewesha akili na kuiharakisha mifupa.

Karibu na ncha za kila mfupa mrefu wa mbwa anayekua kuna tabaka la gegedu, nalo ndilo linalourefusha mfupa. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko hata kano zinazoshika viungo. Kishindo ambacho mbwa mzima angekipata akachechemea siku chache, kwa mtoto kinaweza kuliumiza. Upande mmoja wa mfupa ukaacha kukua, wa pili ukaendelea, mguu ukapinda maisha yote. Kwa mbwa wadogo gegedu hilo huwa limegeuka mfupa wanapokaribia mwaka mmoja. Kwa wakubwa huweza kufika miezi 18, na kwa wale majitu hupita hapo. Mbwa aliyehasiwa mapema huchelewa zaidi, kwa hiyo ulizeni daktari wa mifugo kabla ya kukata shauri. Kiunzi cha mbwa wakubwa katika FCI hufika sentimita 60. Kijana wa miezi 6 anakiruka bila shida, na wepesi huo ndio unaowadanganya mabwana wengi.

Lakini hata kusubiri hakutamfaa mbwa asiyelishwa vizuri. Katika nyumba nyingi za mitaa ya Katuba na Kenya hapa Lubumbashi, na hata kwa wenye uwezo, mtoto wa mbwa hukua kwa bukari (ugali) na mabaki ya mchuzi, au nyama tupu kwa yule anayependwa sana. Vyote viwili vina kalisi kidogo mno. Mwili ukikosa kalisi huichota mifupani, na mifupa ikawa myembamba, ikavunjika hata kwa kuruka kutoka kitini. Ndagala, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, husaidia. Unga wa kalisi usitiwe kwa kukisia, maana ukizidi nao huharibu mifupa ya mbwa wakubwa. Mnyama asinenepe, mbavu zake zipapaswe kwa urahisi chini ya ngozi.

Sasa akili. Wanasayansi Scott na Fuller, waliofanya utafiti wa mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 mtoto wa mbwa hujifunza nani na nini si cha kuogopa. Wiki hizo hazirudi. Chanjo nazo hazijakamilika mpaka wiki ya 16 hivi, na virusi vya ugonjwa wa parvo huishi udongoni miezi mingi. Kwa hiyo mbebeni mikononi: asikie pikipiki, aone malori ya shaba yanayoelekea mpakani Kasumbalesa, aguswe na watoto na wazee. Ndani ya ua wenu, tangu wiki ya 8, afundishwe kuja akiitwa, kungoja, kupita ndani ya pipa lililokatwa pande zote mbili, na kutembea juu ya ubao uliolazwa chini. Dakika chache zatosha. Fito nazo zilazwe chini azivuke kwa hatua; baadaye zisizidi kifundo cha mguu wake wa mbele mpaka mifupa ikomae.

Katanga ina kifaa kizuri ambacho hakinunuliwi: kichuguu. Mbwa wa miezi 5 akipandishwa na kushushwa taratibu kwenye mteremko wake, akiwa kwenye ukanda, hujifunza kuitumia miguu ya nyuma, ambayo mbwa wengi huiburuta tu. Kagueni mashimo kwanza, nyoka hupenda kujificha humo.

Kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, udongo wetu mwekundu huwa mgumu kama tofali. Asiruke hapo hata akiwa mzima. Tafuteni majani au mchanga. Mwezi wa Oktoba, joto linapokuwa kali, fanyeni mazoezi alfajiri. Nguzo 12 za kupita kwa kujipinda, ambazo huusumbua uti wa mgongo, zisubiri mwili ukomae. Hizo nitazieleza katika sehemu ya tatu.