Waya Usioujua Utakulaza Porini

Land Cruiser ya safari ikiletwa gereji hapa Arusha ina matatizo ya umeme, siku ya kwanza siungi kitu. Navua kifuniko cha chini ya dashibodi, navaa taa kichwani, kisha nafuata waya mmoja mmoja kwa vidole. Gari la mwisho kunipitia mikononi lilikuwa na waya mwekundu uliotoka kwenye betri, ukapenya kwenye tundu la bati lisilo na raba, ukazunguka nyuma ya redio na kuishia hewani. Ncha yake ilivikwa tepu nyeusi iliyokwisha kulegea kwa joto. Nikaweka testa: una umeme. Nikaurudia mpaka kwenye betri: hakuna fyuzi.

Zamani waya ule ulikuwa ukilisha kitu, pengine redio ya mawasiliano. Kifaa kiliondolewa, waya ukaachwa, na gari likaendelea kupeleka wageni Serengeti likiwa na moto uliojificha miguuni pa dereva.

Nyaya za kiwandani hazinisumbui sana. Injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 inayopendwa na wenye magari ya safari, haitegemei kompyuta, na pampu yake ya dizeli inafanya kazi kimakanika. Lakini kwenye pampu hiyo kuna vali ndogo ya umeme inayoruhusu dizeli ipite. Ikikosa umeme, injini inazima papo hapo, hata kama tangi limejaa. Balaa huanza na vile tunavyoongeza baadaye: friji, redio, taa za spoti, soketi za kuchajia kamera. Kila kimoja kimefungwa na fundi wake, mwaka wake, na kila fundi amechukua umeme kwenye waya uliokuwa karibu na mkono wake. Ukiona waya wa friji umeunganishwa kwenye waya wa swichi ya funguo, ujue friji ikileta shoti itaondoka na injini.

Madereva wengi huamini fyuzi inalinda kifaa. Fyuzi inalinda waya. Betri ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mpigo, na waya mwembamba ukigusa bodi unakuwa mwekundu kama kaa la jikoni kabla hujafika kwenye boneti. Ndiyo maana fyuzi inakaa shubiri moja kutoka kwenye betri, si kule mwisho karibu na kifaa. Kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo kiwe kifupi. Na fyuzi nyekundu ya ampea 10 ikikatika mara mbili, usiweke ya njano ya 20. Tafuta kilichoikata.

Sasa friji. Nimeletewa friji nyingi zikidaiwa kufa, nazo ni nzima kabisa. Chukua friji inayokula ampea 5, imewekwa nyuma ya gari, mita 6 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda mita 6 na kurudi mita 6, kwa hiyo safari yake ni mita 12. Ukitumia waya wa milimita za mraba 1.5, karibu volti 0.7 zinaishia njiani. Usiku injini imezimwa, betri ina volti 12.3, friji inaona 11.6. Kinga yake ya ndani inadhani betri inakufa, inaizima friji, na asubuhi maziwa yamechacha. Weka waya wa milimita za mraba 6, na hasara hiyo inashuka hadi chini ya volti 0.2. Friji ni ileile, betri ni ileile.

Kupima si kazi ngumu. Friji ikiwa inafanya kazi, gusa ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya friji. Namba unayoisoma ndiyo volti zilizopotea njiani. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa hasi. Mimi jumla ya pande zote mbili ikizidi nusu volti, navunja na kuanza upya.

Upande wa hasi nausisitiza kwa sababu ndio tunaousahau. Tunafunga waya wa chanya kwa uangalifu, halafu hasi tunaikaza kwa skrubu kwenye bati lililo karibu na kusema umeme utajua njia. Gari la safari limekatwa, limerefushwa, limechomelewa na kupakwa rangi, na bodi yake imekalia raba juu ya chesisi. Njia ya kurudi inapita kwenye rangi, kutu na boliti zilizolegea. Umewahi kuona gari likiwashwa indiketa, na taa ya breki upande huohuo inapepesa nayo? Umeme umekosa njia yake ya kurudi, unapita kwa jirani. Mimi navuta waya mnene wa hasi kutoka kwenye betri mpaka nyuma, naufunga kwenye kipande cha shaba, na kila kifaa cha nyuma kinarudishia umeme hapo.

Kuna jambo moja ninalobishana na mafundi wenzangu kila wiki: kuunga waya kwa risasi. Kiungo cha risasi kinang'aa na kinapendeza, lakini risasi ikipoa inaufanya waya uwe mgumu kama msumari hadi pale ilipoishia. Peleka gari kwenye ile barabara ya mawimbi kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, na waya utakatika hapo hapo penye mpaka wa ugumu na ulaini. Kiungo kilichobanwa kwa koleo lake, kikavikwa mrija wa plastiki unaonywea kwa moto, kinavumilia mtikisiko. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja wa shaba usiuingize kabisa kwenye gari. Na kiungo kilichoachwa wazi, vumbi la magadi la upande wa Natron likichanganyika na umande, kinaota kutu ya kijani.

Nikishaondoa kila kisichojulikana, natoa waya mmoja mnene kwenye betri kupitia fyuzi kubwa mpaka kwenye sanduku moja, na kila kifaa kinapata fyuzi yake humo. Taa za spoti nazipa rilei, maana balbu mbili za wati 55 zinavuta takriban ampea 9, na sipendi mzigo huo upite kwenye swichi ya dashibodi. Katika rangi nafuata lugha ya gari lenyewe. Kwenye Toyota waya mweupe wenye mstari mweusi ni wa hasi. Kwenye Land Rover za zamani hasi ni mweusi, na wa kahawia unatoka moja kwa moja kwenye betri. Fundi atakayekuja baada yangu asome bila kunipigia simu.

Mwisho nachora ramani kwa kalamu, naiweka ndani ya plastiki na kuibandika chini ya kifuniko cha sanduku, pamoja na fyuzi mbili za akiba za kila rangi. Kabla dereva hajakabidhiwa funguo, nasubiri giza liingie. Nachomoa fyuzi moja bila yeye kuona, nampa tochi, nakaa pembeni. Dereva wa gari lile la waya mwekundu aliwasha kila kitu kwa zamu, akagundua redio iko kimya, akafungua kifuniko na kupitisha kidole kwenye ramani hadi nafasi ya nne. Alitumia chini ya dakika mbili. Kesho yake alfajiri alikuwa njiani kuelekea Ndutu.