Huna kitambulisho? Marekani bado unaweza kupanda ndege, ila usigome

Umefika uwanja wa ndege, unapapasa mfuko, pochi haipo. Kwa safari ya ndani ya Marekani, hapo safari haijafa.

Wakala wa usalama wa usafiri, TSA, humtaka kila abiria wa miaka 18 na zaidi aonyeshe kitambulisho. Tangu Mei 7, 2025, leseni ya kawaida ya udereva haitoshi tena. Inatakiwa ile inayokidhi sheria ya REAL ID ya mwaka 2005, au hati nyingine kama pasipoti.

Asiye nayo hutoa jina, anwani na taarifa nyingine, maofisa wakazihakiki. Tangu Februari 1, 2026, huduma hiyo inalipiwa dola 45, na malipo hayo hudumu siku 10. Wakiridhika, unapita, pengine baada ya kupekuliwa zaidi. Wasiporidhika, unabaki.

Je, kusafiri bila kitambulisho ni haki? Mwaka 2002, John Gilmore aligoma kuonyesha chake, akazuiwa kupanda ndege, akaenda mahakamani. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ilimkatalia: angeweza kuchagua kupekuliwa zaidi, hivyo hakulazimishwa.

Lakini Juni 2008 TSA iliufunga mlango huo. Aliyepoteza kitambulisho anasaidiwa, anayegoma kukionyesha hapiti.

Kwa hiyo ukikosa chako, sema ukweli, jibu maswali, na fika mapema. Uhakiki unakula muda, na ndege haikusubiri.