Kuyeyuka, Kuvimba na Kupasuka: Istilahi za Plastiki Ndani ya Vimiminika

Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016, hupitiwa na barabara kuu iendayo Zambia pamoja na reli ya TAZARA. Humo, kama kwingineko nchini, madumu ya plastiki hutumika kuwekea mafuta ya kula, mafuta ya taa na sabuni ya maji. Afasiriye maelekezo ya vyombo hivyo hukuta kwamba neno moja, kuyeyuka, limebebeshwa mzigo wa maana zinazotofautiana. Yafaa tuzitenge.

Kwanza ni kuyeyuka kwenyewe. Polistirini, ile plastiki nyeupe nyepesi ya kufungashia redio na televisheni, ikitiwa katika petroli hupoteza umbo lake na kuwa uji wa kunata.

Pili ni kuvimba. Dumu la politheni haliyeyuki katika mafuta ya taa, bali hunyonya kiasi kidogo. Molekuli za mafuta hupenya kati ya minyororo ya molekuli za plastiki na kuilegeza. Ukuta wa dumu huwa laini na, ukielemewa na uzito, huvutika zaidi. Hapo tutofautishe kunyumbuka, ambako chombo hurudia umbo lake mzigo uondolewapo, na kugeuka umbo, ambako hakirudi.

Tatu ni kupasuka kwa mkazo. Sabuni ya maji haiyeyushi politheni wala haiivimbishi. Lakini dumu likiwa limeelemewa na mengine juu yake, sabuni hupenya katika vijiufa vidogo mno mahali penye mkazo, ikadhoofisha mshikamano wa molekuli, na ufa ukakua polepole. Mkazo huohuo, dumu likiwa na maji matupu, lingeweza kuustahimili kwa muda mrefu zaidi. Sabuni na mkazo lazima vikutane.

Basi mfasiri aandikaye tu kwamba "sabuni haiyeyushi plastiki" hasemi uongo, ila humpotosha mtunza ghala. Huyo atayapanga madumu hadi darini bila wasiwasi, na hasara itafuata.

Kwa hiyo twapendekeza kuyeyuka kuachiwe maana yake, na wakati wote itajwe kama ni kwa joto au ndani ya kimiminika. Kuvimba kutumike pale plastiki inaponyonya. Na mpasuko wa mkazo uwe istilahi ya jambo la tatu. Maneno haya yote tunayo tayari. Kilichobaki ni kuyatumia kwa mpaka.